Kabla Hujajibu: Namna ya Kulichimba Swali la Mwanafunzi wa Fizikia na Hisabati

"Mwalimu, kama mkokoteni nao unamvuta punda kwa kani ileile ambayo punda anauvuta, mbona vinakwenda?"

Swali hili huja karibu kila mwaka, wiki tunapofika kanuni ya tatu ya Newton. Huulizwa na mwanafunzi aliyesikiliza. Asiyesikiliza hunakili ubaoni akaenda zake. Na nimewaona walimu wengi wachanga wakilijibu kwa kuirudia kanuni kwa sauti kubwa zaidi: kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo na inayoelekea kinyume chake. Mtoto hilo analijua. Hilohilo ndilo linalomsumbua.

Nafundisha fizikia na hisabati sekondari, hapa Korogwe, na jioni hukaa na wanaobaki darasani na maswali yao. Haya ninayaandika kwa mwalimu anayeanza kazi, na kwa kaka, dada au mzazi anayewekewa daftari mezani baada ya chakula cha usiku. Ninaloliamini ni hili: ndani ya swali la mwanafunzi huwa kuna jambo aliloliona sawasawa. Litafute hilo kwanza. Ukilipata, pale alipopotea patajionyesha, na mara nyingi atapaona mwenyewe kabla hujafungua mdomo.

Mwache aseme, tena kwa lugha inayomjia

Weka chaki chini. Muulize, "Wewe ulitarajia nini kitokee?" kisha, "Umefikaje hapo?" Maswali haya mawili yanatosha kwa kazi nyingi. La kwanza linakuonyesha picha aliyonayo kichwani. La pili linakuonyesha njia aliyopita.

Mruhusu aulize kwa Kiswahili. Kitabu chake ni cha Kiingereza na mtihani wake ni wa Kiingereza, lakini mashaka yake yako kwa Kiswahili, na kwa watoto wa huku kwetu pengine yako kwa Kisambaa au Kizigua. Nikimlazimisha aulize kwa Kiingereza nitapata sentensi aliyoikariri kitabuni, na swali lake halisi litabaki tumboni. Maneno ya mtihani tutayarudia mwishoni, akishaelewa.

Halafu mwambie achore. Kwa punda na mkokoteni, karibu wote huchora vitu viwili vilivyounganishwa, na katikati mishale miwili yenye urefu sawa ikitazamana. Hapo nishaona kila kitu. Mtoto ameona sawasawa kwamba kani hizo mbili zinalingana. Ameona sawasawa pia kwamba kani zinazolingana na kupingana zikikutana kwenye kitu kimoja, kitu hicho hakichapuki, yaani mwendo wake haubadiliki. Yote mawili ni kweli. Alipopotea ni pale alipozijumlisha kani mbili ambazo kila moja inafanya kazi kwenye mwili wake.

Basi simwambii. Ninampa karatasi nyingine. Kushoto achore punda peke yake, kulia achore mkokoteni peke yake, na kila mmoja auwekee mishale ya vile tu vinavyousukuma au kuuvuta wenyewe. Kisha tunatia namba. Mkokoteni una kilo 200, punda ana kilo 160. Punda anauvuta mkokoteni kwa niutoni 300 (niutoni ni kizio cha kani), na msuguano unaurudisha nyuma kwa niutoni 200. Kwenye mkokoteni zinabaki niutoni 100; gawanya kwa kilo 200, mchapuko ni nusu mita kwa sekunde, kila sekunde. Sasa punda. Naye lazima achapuke hivyohivyo, maana wameunganishwa, kwa hiyo anahitaji kani baki ya niutoni 80. Lakini mkokoteni unamvuta nyuma kwa 300. Nani anamsukuma mbele kwa 380?

Hapa darasa hunyamaza, halafu mmoja anasema, "Ardhi." Naam, ardhi. Kwato zinaisukuma ardhi nyuma, ardhi inamsukuma punda mbele. Aliyewahi kumwona punda akiteleza kwenye matope ya masika huku mkokoteni umesimama haongezewi neno. Na usiishie hapo: wachukue punda na mkokoteni kuwa kitu kimoja cha kilo 360, ardhi inakisukuma kwa 380, msuguano unakizuia kwa 200, zinabaki 180, na 180 kwa 360 ni nusu ileile. Zile kani mbili zilizomsumbua hazionekani tena kwenye hesabu hii, kwa sababu sasa kweli ziko ndani ya kitu kimoja na zinafutana. Mtoto anagundua kwamba wazo lake la kuzifuta lilikuwa na mahali pake.

Ipeleke hesabu mpaka ukingoni

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliniletea zoezi la gari lililokwenda kwa mwendokasi wa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa 40. Aliandika wastani 50. Kitabu kilisema 48. Alikuwa na hakika kitabu kimekosea, na mimi napenda mtoto anayethubutu kukishuku kitabu.

Ningeweza kumwandikia kwamba wastani ni umbali wote kugawanya kwa muda wote. Angeandika, angepata 48, na siku ya pili angeandika 50 tena. Kwa hiyo nilimwambia abadilishe namba moja: kwenda ni 60 vilevile, lakini kurudi gari limeharibika linasukumwa kwa kilomita 1 kwa saa. Umbali ni kilomita 120. Kwa njia yake, wastani ni 30 na nusu. Sasa hesabu saa: kwenda saa 2, kurudi saa 120. Kilomita 240 kwa saa 122 hazifiki hata 2 kwa saa. Akacheka mwenyewe. Mtu aliyesukuma gari siku tano mchana na usiku hawezi kuambiwa kwamba alisafiri kwa wastani wa 30.

Kisha nikamuuliza ni lini jibu lake la 50 lingekuwa sahihi. Swali hili la pili usiliache hata siku moja. Alifikiri kidogo, akasema: kama gari lingekwenda saa nzima kwa 60 na saa nzima kwa 40. Kilomita 100 kwa saa 2. Kweli kabisa. Alichokuwa akikiona tangu mwanzo ni wastani wa muda ulio sawa. Zoezi lilimpa umbali ulio sawa. Sasa ana hesabu mbili badala ya moja, na anajua zinapoachana.

Kupeleka hesabu ukingoni kunafaa karibu kila mahali. Fanya pembe iwe sifuri, au 90. Fanya uzito mmoja uwe mkubwa mno na mwingine uwe kama unyoya. Fanya msuguano uishe. Ukingoni jibu huwa linaonekana bila hesabu, na fomula inayotoa upuuzi kule haiwezi kuaminiwa katikati.

Kuna nyenzo nyingine ndogo ya kuangalia fomula: vizio. Mtoto aliyesahau kama umbali ni nusu ya mchapuko mara muda, au mara muda wa mraba, aandike mita na sekunde tu. Njia moja inabakiza mita kwa sekunde, nyingine inabakiza mita. Imekwisha. Ila mwonye kwamba vizio havitamwambia kama ile nusu ipo au haipo.

Hasi mara hasi: hapa usimdanganye

Katika hisabati swali linalonipa kazi kuliko yote ni hili: kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Mtoto huliuliza mapema, hujibiwa "ndiyo kanuni," na wengine nadhani hapo ndipo wanapoiaga hisabati. Wameambiwa kwamba ni somo la kutii.

Tazama alichokiona sawasawa. Tangu darasa la pili amefundishwa kwamba kuzidisha ni kujumlisha kwa kurudia: 3 mara 4 ni nne iliyojumlishwa mara tatu. Kwa hiyo anauliza, na ana haki, utajumlishaje kitu mara hasi tatu? Haiwezekani. Maana ya zamani haifiki huku. Mwambie hivyo waziwazi: "Umesema kweli, maana ile imeishia hapa. Tunahitaji maana pana zaidi, ila isivunje ile ya kwanza."

Wengi hukimbilia hadithi ya madeni: kuondolewa deni ni kama kupata fedha. Hadithi hiyo inasaidia kwenye kutoa. Kwenye kuzidisha nimeona inawachanganya watoto, maana hakuna anayejua deni mara deni ni kitu gani. Mimi huanza na safu ubaoni, nikiwaachia wao waendeleze:

3 × (−2) = −6
2 × (−2) = −4
1 × (−2) = −2
0 × (−2) = 0

Kila hatua jibu linapanda kwa 2. Sasa shuka ngazi moja tena: (−1) × (−2). Wote husema 2, hata yule wa nyuma kabisa. Lakini usiiache safu iwe ndiyo uthibitisho. Ni dalili tu, na mwanafunzi mkali atakuuliza nani kasema lazima mpangilio uendelee. Huyo mpe hii. Namba yoyote mara sifuri ni sifuri, na sifuri unaweza kuiandika kama 2 kujumlisha −2. Kwa hiyo −3 mara (2 + −2) ni sifuri. Fungua mabano: −3 mara 2 ni −6, halafu jumlisha −3 mara −2. Jumla lazima iwe sifuri. Kitu gani ukikijumlisha na −6 unapata sifuri? Sita chanya, na hakuna nyingine.

Ukweli wenyewe ni kwamba watu walichagua. Ungeweza kuamua hasi mara hasi iwe hasi, ila ungepoteza haki ya kufungua mabano, na bila mabano aljebra yote inaanguka. Mwambie mtoto hilo. Nimeona hata watoto wadogo wanaipokea habari kwamba hisabati ina maamuzi yenye sababu, tena wanaipenda.

Mbili kwa kipeo cha sifuri kuwa moja ni njia hiyohiyo: 8, 4, 2, kila mara gawa kwa mbili, inayofuata ni 1. Kugawa kwa sifuri kunahitaji hatua moja zaidi, kwa sababu mtoto aliyegawa 6 kwa 0.1 akapata 60, kwa 0.01 akapata 600, atakuambia jibu ni namba kubwa isiyo na mwisho, na ameona kitu. Mwambie aje kutoka upande wa pili: 6 gawanya kwa −0.01 ni −600. Upande mmoja unapaa, upande mwingine unazama, na hakuna namba ya kuziunganisha. Kisha arudi kwenye maana: namba ipi ukizidisha kwa sifuri unapata 6?

Uliza kipi kimebaki vilevile

Swali la umeme ninalolipenda: "Mwalimu, fomula moja inasema ukinzani ukizidi nguvu inapungua, nyingine inasema ukinzani ukizidi nguvu inazidi. Ipi ya kweli?"

Huyu ameziweka pamoja fomula mbili za nguvu ya umeme, V² kugawanya kwa R, na I² mara R (V ni volti, I ni mkondo, R ni ukinzani), akazitazama. Walio wengi huzikariri zote mbili kwa ajili ya mtihani bila kuona kwamba zinaonekana kupingana. Mshukuru mbele ya wenzake. Halafu muulize: katika kila fomula, ukibadilisha ukinzani, kipi unakishikilia kisibadilike?

Chukua balbu mbili za zamani za waya, zimeandikwa volti 240, moja ya wati 60 na nyingine ya wati 100. Nyumbani zimefungwa sambamba, kila moja inapata volti zilezile, na ya 100 inang'aa zaidi. Ukinzani wa ile ya 60 ni 240 mara 240 gawanya kwa 60, yaani omu 960. Wa ile ya 100 ni omu 576. Yenye ukinzani mdogo ndiyo yenye mwanga mwingi, sawa na fomula ya kwanza.

Sasa zifunge kwa mfuatano kwenye volti 240 hizohizo. Wengi watasema ya 100 bado itang'aa zaidi, maana imeandikwa hivyo kwenye kioo. Lakini sasa kinachobaki vilevile ni mkondo: unaopita kwenye moja ndio unaopita kwenye nyingine. Ukinzani wote ni omu 1536, mkondo ni kama ampea 0.156. Mkondo wa mraba mara 960 ni wati 23 na kidogo. Mara 576 ni wati 14. Ile ya 60 imeishinda ile ya 100. Kwa kweli namba hizi ni za kukadiria, kwa sababu waya wa balbu ukiwa na joto pungufu ukinzani wake unashuka, lakini mshindi habadiliki.

Usijaribu hili kwa umeme wa ukutani darasani. Balbu mbili ndogo za tochi zisizofanana na betri kavu zinaonyesha jambo lilelile, na mtoto akigusa waya hapati madhara.

Hili swali la "kipi kimebaki vilevile" nimelitumia mpaka limekuwa salamu. Gesi ukiipasha joto, je, ujazo umebaki au kanieneo, yaani kani inayosukuma kila eneo la chombo? Gari kwenda na kurudi, je, saa zimebaki sawa au kilomita? Watoto sasa wananiuliza mimi kabla sijawauliza.

Swali usilolijua

Kutoka hapa Korogwe ukienda Mombo ukapandisha milima mpaka Lushoto, ukasogea mbele kidogo, unafika Magamba. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye jokofu. Siku moja nafasi zilikuwa zinakwisha. Mwenzake mmoja akaingiza maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba akaona akisubiri atakosa trei, akaingiza yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, walipofika kanuni ya Newton ya kupoa, aliuliza tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu hapo darasa likawa linamtania: akikosea hesabu, ni hisabati ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji sawa kwa ujazo, moja nyuzi 35 na jingine nyuzi 100, viingie kwenye jokofu, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne naye alidhani kijana amekosea, lakini aliporudi Dar alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha matokeo yao pamoja katika jarida la walimu wa fizikia, na jambo hilo mpaka leo linaitwa athari ya Mpemba duniani kote.

Ninawasomea wanafunzi wangu habari hii kila mwaka, na simalizii hapo, kwa sababu ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima tena kwa uangalifu muda wa maji kufika nyuzi 0, wakasema hawakuona dalili ya maji ya moto kutangulia, na wakaonyesha kwamba tofauti ndogo ya mahali pa kipimajoto ndani ya chombo inatosha kukupa jibu la uongo. Wengine wanajibu kwamba kufika nyuzi 0 na kuganda ni mambo mawili.

Jifunze kwa Osborne namna ya kushika swali usilolijua. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Aliligeuza likawa kazi inayofanyika. Kwa hiyo mwanafunzi akikuletea jambo lisilokukaa akilini, mwambie "sijui" kwa sauti yako ya kawaida, halafu papo hapo mpange mtakachokipima. Chukua hilihili la maji. Kwanza kubalianeni kuganda ni nini: kipimajoto kufika 0, ganda la kwanza kuonekana, au chombo kizima kuwa barafu? Majibu yanaweza kutofautiana. Pili, vyombo viwe sawa, ujazo sawa, na vipimajoto vizame kina kimoja. Tatu, chungulia sakafu ya friza. Ikiwa na barafu laini, chombo cha moto kitaiyeyusha na kukaa kwenye chuma chenyewe, na kitapoa haraka kwa sababu hiyo tu. Weka ubao chini ya vyote viwili. Pima maji kabla na baada, maana ya moto hupotea kwa mvukizo na yanayobaki ni machache. Badilishaneni nafasi za vyombo mzunguko wa pili. Mkishamaliza mtakuwa mmejadili mvukizo, myuko (maji ya moto kupanda na ya baridi kushuka), hewa iliyomo ndani ya maji, na maji yanayoshuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda, na yote hayo yametoka kwenye swali moja la kijana aliyeogopa kukosa trei.

Weka daftari la maswali

Lisiwe la majibu. Andika swali kwa maneno yaleyale ya mwanafunzi, hata kama sarufi imekwenda upande. Chini yake andika alichokiona sawasawa. Chini yake andika palipoachana, ukishapajua. Na tarehe ya kumrudia, kwa sababu mtoto uliyemwambia "nitakutafutia" anakumbuka kuliko wewe.

Kwenye langu sasa hivi lipo la msichana wa Kidato cha Pili. Kwao wana tangi pana, kwa jirani kuna tangi jembamba, yote marefu sawa, yote yamejazwa. Anasema kitabu kinadai kanieneo ya maji inategemea kina tu, lakini yeye ameona kwa macho yake bomba la tangi jembamba linadhoofika upesi. Ameona kweli. Ninachokishuku ni kwamba mwanzoni mabomba yote mawili yanatoka kwa kasi moja, ila kwenye tangi jembamba kimo cha maji kinashuka haraka, na kasi inashuka nacho.

Jumamosi tutajaribu. Chupa ya maji ya lita moja na nusu na ndoo iliyofikia kimo chake, zote zimetobolewa kwa msumari uleule, sentimita 3 kutoka chini. Zijazwe mpaka kimo kimoja, vidole vitolewe kwa pamoja, tupime kwa rula maji yanaanguka umbali gani sekunde ya kwanza na baada ya nusu dakika. Kisha turudie, safari hii mmoja akimiminia chupa maji kwa kikombe ili kimo chake kisishuke. Kama nimeshuku sawasawa, mara ya pili maji ya vyombo vyote viwili yataanguka karibu mahali pamoja mpaka mwisho. Yeye ndiye atakayeshika rula.